Je, wajua? Kwa nini watu wanaona "simba" mahali ambapo serikali inasema hayupo

Shemeji yangu anaishi Grand Rapids, Michigan, kule Marekani, na wiki chache nyuma alinitumia kavideo WhatsApp saa nane ya usiku. Kamera ya mlangoni imenasa mnyama anakatiza uani, rangi ya mchanga, mkia mrefu, sekunde nne tu kapotea gizani. Chini kaandika kwa herufi kubwa SIMBA HUYU. Asubuhi kapiga simu kwa watu wa wanyamapori, wakamjibu kwa upole kwamba upande ule hao wanyama hawapo. Sasa kanuna, anasema wazungu wanaficha kitu. Mimi nikaanza kufukunyua, na kumbe hii kesi ni ya miaka na miaka, nusu ya Marekani wanabishana hivyo hivyo.

Kwanza mnyama mwenyewe. Wenyewe wanamwita simba wa milimani ila simba hasa siye, ni puma. Majina anayo kibao, wengine wanamwita cougar, wengine panther, mpaka kaingia kwenye rekodi za Guinness kwa wingi wa majina. Hangurumi kama simba wetu, anakoroma kama nyau wa nyumbani, na ukitafuta ndugu zake wa damu utamkuta duma humo, yaani ana ukaribu na duma kuliko na simba. Ila usimdharau, dume linafika kilo 70 na kitu na kulungu mzima linaangusha peke yake.

Zamani huyu puma alikuwa Marekani nzima, bahari hadi bahari. Walowezi walipoingia wakakata misitu, wakawamaliza kulungu ambao ndio ugali wake, halafu serikali zikawa zinalipa hela kwa kila puma anayeuawa, unategemea nini. Michigan yule wa mwisho wa enzi zile aliuawa 1906. Upande wa mashariki kabisa, wa mwisho anayekubalika ni wa jimbo la Maine, 1938. Mwaka 2018 idara ya wanyamapori ya serikali kuu ikamtoa rasmi puma wa mashariki kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa, sio kwa sababu amepona bali kwa sababu ametoweka, huwezi kulinda kisichokuwepo. Mashariki ya mto Mississippi wakabaki wa Florida tu, nao miaka ya 1990 walikuwa kama 20 au 30 hivi mpaka 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas kuongeza damu.

Sasa kama hawapo, watu wanaona nini?

Hapa ndipo kuna kisa ninachokipenda. Juni 2011 kule Connecticut, sio mbali na jiji la New York, sehemu ya matajiri na bustani zao, watu wakaanza kusema wameona puma mjini Greenwich. Maofisa wakasema labda ni wa mtu kamfuga katoroka, maana mapuma hatuna huku. Siku chache baadaye gari likamgonga mmoja barabarani usiku, akafa pale pale, dume la kilo 63 hivi. Wakampima. Hana alama yoyote ya kufugwa, makucha yapo yote, chini ya ngozi ana miiba ya nungunungu, huyo ni wa porini bwana. DNA ilipotoka watu wakashika vichwa: katoka milima ya Black Hills, South Dakota, na vinyesi na manyoya yake yalishaokotwa Minnesota, Wisconsin na New York kabla hajafika. Kwa mstari ulionyooka tu ni kama kilomita 2,400, ni zaidi ya Dar mpaka Bujumbura kwenda na kurudi kwa ndege, na yeye hakupanda ndege, kavuka mito, mahaiwei, reli na vijiji vyenye mbwa.

Kwa nini atembee hivyo? Jike. Dume la puma likifika mwaka mmoja na nusu hivi, madume makubwa ya eneo hayalitaki tena, linafukuzwa likatafute kwake. Linatembea mpaka likute sehemu yenye kulungu NA majike. Kulungu siku hizi Marekani wamejaa kama mbuzi wa Pwani, chakula sio shida, ila majike hakuna, kwa hiyo dume linaendelea mbele, na mbele, na mbele, na kadiri linavyozidi kwenda mashariki ndivyo linavyozidi kuwa peke yake. Jike halina tabia hiyo, jike likikua linajibanza karibu na mama yake, linasogea kidogo tu. Ndio maana madume yanaonekana hadi mijini, 2008 polisi walimpiga risasi mmoja katikati ya mitaa ya Chicago, naye DNA ikasema Black Hills, lakini familia za puma zinarudi mashariki kwa mwendo wa kinyonga.

Kwa hiyo ofisa akisema "hawapo" anamaanisha hakuna wanaozaliana hapa. Shemeji anasikia "hakuna hata mmoja na wewe ni mwongo". Hiyo tofauti ndogo ndiyo imezaa ugomvi wote, na kwa kweli nawalaumu maofisa kidogo, wangesema tu "anaweza kupita, ila hakai" watu wengi wangetulia. Michigan wenyewe wameshathibitisha puma kuonekana zaidi ya mara 100 tangu 2008, karibu zote kule kaskazini ng'ambo ya maziwa. Upande wa kina shemeji ipo picha ya 2017 karibu na mji wa Lansing ilikubaliwa. Na Machi 2025 wakapatikana watoto wawili kaskazini huko, wadogo wa wiki chache, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 100. Watoto maana yake jike lipo, na hapo hata maofisa wamelegeza sauti.

Lakini tusidanganyane, taarifa nyingi sana zinazopigwa simu sio puma. Ni mbwa aina ya Labrador wa rangi ya maziwa ya chai, ni koyote (kama mbweha wa kule) mwenye upele, ni kulungu, ni yule paka-mwitu wa kule mwenye mkia kipande na sura inayokaribia simbamangu wetu, na mara nyingi sana ni nyau wa jirani. Unacheka, ila jicho usiku halina rula. Kama pembeni ya mnyama hakuna kitu unachokijua kimo chake, ubongo unakisia umbali, ukikosea umbali umekosea na ukubwa, nyau akawa simba.

Halafu kuna wanaoapa kwamba waliyemwona ni mweusi tii. Hapo ndio unajua kuna shida, kwa sababu puma mweusi hajawahi kuthibitishwa popote, sio ngozi, sio mzoga. Chui mweusi yupo, Laikipia Kenya kapigwa picha nzuri tu, lakini huyo ni chui. Watu wamesikia neno panther, ambalo chui mweusi naye anaitwa hivyo, wameona sinema, macho yakajaziliza.

Na kuna hoja moja iliyonifunga mdomo. Florida mapuma ni kama 200 tu, na magari yanaua zaidi ya 10 kwa mwaka, miaka mingine yanapita 20. Kama Pennsylvania au Ohio kungekuwa na mapuma kimya kimya kama watu wanavyosema, mizoga ingekuwa barabarani kila msimu, na kila mwindaji siku hizi ana kamera amefunga mtini.

Kuna uvumi pia eti serikali inawaachia usiku kwa siri ili wapunguze kulungu, na kampuni za bima za magari zinachangia hela, maana kulungu wakipungua na ajali za kuwagonga zinapungua. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka Unguja moja kwa moja. Kule chui wa kisiwani anahesabiwa na wengi kuwa ametoweka, lakini muulize mzee wa shamba atakwambia wapo, wa kufugwa, fulani anawatuma usiku kwa wabaya wake. Mwaka 2018 timu ya televisheni ikanasa kwenye kamera kitu kinachofanana na chui huko huko Unguja, ubishi ukaanza upya. Mnyama asipoonekana vizuri lazima apatiwe mwenye naye, kule kampuni ya bima, huku mchawi.

Basi nikamwambia shemeji afanye wanachofanya wale maofisa: aweke kitu anachojua kimo chake pale pale alipopita mnyama, apige picha kwa kamera ile ile, alinganishe. Akaweka ndoo ya kupigia deki. Mgongo wa "simba" haukufika mdomo wa ndoo.

Hajakubali. Anasema huyo atakuwa mtoto, mama yake yupo karibu, na takataka sasa anatoa saa saba mchana.