V ya kauri na V zingine zinazojifanya ndo yenyewe

Watu wananitumia picha WhatsApp, "fundi, hiki kinolea visu si ndo kama kile chako, nimekipata elfu tano?" na karibu kila mara jibu ni hapana, siyo hata ndugu yake. Kinachowachanganya ni ile V, yaani vipande viwili vya kunolea vilivyokaa kama herufi V, mtu akiiona anajua kazi ni moja.

Ninachotumia mimi ni kitako chenye matundu, unachomeka vijiti viwili vya kauri vinasimama vimeachana kwa juu. Kinachojulikana zaidi ni Sharpmaker ya Spyderco, kampuni ya Marekani, vijiti vyake vina pande tatu na kitako kina matundu ya kuchagua pembe, nyuzi 40 kwa jumla, yaani 20 kila upande, au 30, yaani 15 kila upande. Lansky nao wana kitako cha mbao chenye vijiti vya duara, nyuzi 20 au 25 kila upande. Kisu unakishika wima, mgongo juu makali chini, unakishusha kwenye kijiti huku unakivuta kuja kwako, mara kulia mara kushoto. Pembe imeshapangwa na vijiti, wewe kazi yako mkono usiyumbe tu basi, ndo maana hata mtu aliyeshindwa na kinoo hapa anaweza. Ila ukifika nchani simama ukiwa bado juu ya kijiti, ukiiachia ncha ichomoke kila mara itakuwa duara.

Sasa kile cha elfu tano. Kina mpini, unapitisha kisu kwenye mfereji, ndani kuna vipande viwili vya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma cha kisu) vimekatizana. Pale hunoi bwana, unakwangua! Weka karatasi nyeupe chini, vuta mara tatu, utaona vinyweleo vya chuma vimejikunja, hicho ndo kisu chako kinaisha. Siku hiyo nyanya kitakata vizuri, sibishi, ila makali yamechanika na hayakai.

Halafu kuna ujanja wa mfereji wa pili, ule walioandika "fine", yaani wa kulainisha makali, wengi wanaweka kauri kweli humo na muuzaji atakuapia kauri ni kauri. Sawa, lakini ni vipande vidogo vinagusa makali sehemu moja tu na vinasugua kufuata urefu wa kisu, wakati kwenye vijiti virefu unasugua kukatiza makali. Na hakuna kuchagua pembe. Vingine ni chuma kimepakwa tu, chukua sumaku ya spika mbovu uguse, kauri hainasi (vijiti vilivyopakwa almasi vitanasa maana ndani ni chuma, hivyo vyenyewe siyo feki).

Nisiwadanganye lakini, vijiti ni vya kisu ambacho kina makali yamechoka kidogo. Kisu cha bucha kilichopitishwa kwenye jiwe la baiskeli miaka na miaka, mabega, yaani pale juu kidogo ya makali, yamenenepa, utasugua mpaka adhana ya magharibi na kijiti hakijagusa makali yenyewe. Njia ya kujua ni kupaka maka pen pembezoni mwa makali pande zote mbili, pitisha mara chache, angalia wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu na pale chini kabisa bado upo, anza kwanza na kinoo cha chenga kubwa ndo urudi kwenye kauri.

Usipake mafuta, kauri inatumika kavu. Ile michirizi ya kijivu ni chuma kimeziba, sugua na maji na ile sabuni ya unga ya masufuria, itarudi nyeupe. Na usiidondoshe kwenye sakafu, inakatika.

Kama hela ya kitu orijino haipo bora uache hicho cha kabaidi, pindua kikombe cha udongo cha chai, ule ukingo wa kitakoni usio na rangi wala mng'ao ni kauri pia. Laza kisu kwa pembe ndogo, pitisha taratibu pande zote mbili, vitunguu vya leo utakata.