Feministi wote wanakubaliana mwanamke ni nani?

Wengi wanaamini feministi, yaani watetezi wa haki na usawa wa wanawake, wote wana jibu moja kuhusu mwanamke ni nani. Hapana jamani, hilo swali wanalibishania wenyewe miaka na miaka. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wanawake weusi Marekani walisema wazi kwamba "mwanamke" wa vitabuni mara nyingi ni mzungu wa tabaka la kati, dada wa kazi anayemfulia hayumo. Wengine wanashikilia kwamba mwili ndio unaomfanya mtu mwanamke, wengine wanasema ni malezi. Mi mfano unaonigusa zaidi ni nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ya kabila la Wakurya, mama mtu mzima anaoa binti, anatoa ng'ombe wa mahari, watoto wa binti wanahesabiwa wa nyumba ya huyo mama, sasa hapo "mke" maana yake nini? Ukitaka kuhakiki soma maandishi mawili ya feministi ya miaka tofauti, kila penye "sisi wanawake" angalia nani kaachwa nje.