Kikao cha wazi kwa mtandao: linki ya mwananchi ikikatika, kikao kisimame

Kazi yangu ni sheria za vikao vya taasisi za umma, yaani halmashauri, bodi za shule, kamati za maji na wenzao, na tangu 2020 swali ninaloulizwa sana ni hili: kwani kuna shida gani tukikutana kwa mtandao, si kila mtu anafanya hivyo siku hizi? Mtandao wenyewe hauna shida. Ila sheria nyingi za vikao vya wazi ziliandikwa kipindi ambacho kukutana ni ukumbi, meza na mlango ambao mwananchi anausukuma anaingia anakaa, sasa ukiondoa ukumbi lazima useme ni nini kinashika nafasi ya ule mlango, na hapo ndo wengi wanaruka.

Angalia yaliyotokea England. Korona ilipoingia, serikali ikatoa kanuni za muda za kuruhusu madiwani wakutane kwa mtandao kuanzia Aprili 2020, lakini kanuni zilikuwa na ukomo, 7 Mei 2021. Siku zilipokaribia kuisha, watu wa serikali za mitaa wakaenda Mahakama Kuu kuomba itamke kwamba sheria ya serikali za mitaa ya 1972 inaruhusu vikao hivyo hata bila kanuni mpya. Tarehe 28 Aprili mahakama ikakataa: sheria ile inataka wajumbe wawepo mahali pamoja kimwili, kubadilisha hilo ni kazi ya Bunge. Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi kabisa. Ruhusa ya kitu kikubwa hivi haitafutwi kwenye tafsiri, inaandikwa, na ikiandikwa inakuja na masharti yake.

Na masharti ndo utamu wa hii kazi. Chukua jimbo la California, Marekani, wana sheria ya vikao vya wazi tangu 1953, inaitwa Brown Act. Kwa utaratibu wao wa zamani, mjumbe akishiriki kwa simu akiwa nyumbani, nyumba yake inageuka sehemu ya kikao: anwani inatajwa kwenye tangazo, ajenda inabandikwa pale, na mwananchi akigonga hodi anatakiwa kuruhusiwa aingie. Fikiria mtu anaumwa, yuko kitandani! Kuanzia 2023 wakaongeza njia nyingine, ambayo mimi naipenda japo ina urasimu: akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, iwe ukumbini, sehemu moja, halafu mjumbe mwenye sababu ya msingi aingie kwa mtandao, kamera ikiwa imewashwa, na kabla ya uamuzi aseme kama kuna mtu mzima mwingine chumbani alipo na wana uhusiano gani. Wengine wanaona hii ya mtu mzima chumbani ni umbea, hapana, ukumbini kila mtu angemuona nani kakaa nyuma ya diwani anamnong'oneza, kwenye kamera humuoni.

Lakini kipengele kikubwa kuliko vyote ni hiki: matangazo yakikatika, au wananchi wakashindwa kutoa maoni kwa hitilafu iliyo mikononi mwa taasisi, hairuhusiwi kuamua chochote kwenye ajenda mpaka mawasiliano yarudi. Wajumbe wanaweza kuwa wanasikilizana vizuri tu, akidi ipo, haijalishi. Sheria yoyote ya vikao vya mtandao isiyo na kipengele hiki mimi siiungi mkono, maana siku ya ajenda nzito linki itakatika, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na wewe hutaweza kuthibitisha ni ipi kati ya hizo mbili.

Mengine ni madogo ila yaandikwe. Kura iitwe jina kwa jina, sio "wanaoafiki wanyooshe mikono" wakati nusu ya picha zimeganda. Wajumbe wasichat pembeni kuhusu ajenda, kile ni kikao cha siri ndani ya kikao cha wazi. Michigan, jimbo jingine la Marekani, wanamtaka anayeshiriki kwa mbali, isipokuwa aliye kwenye kazi ya jeshi, atangaze mwanzoni yuko eneo gani, hiyo nayo iko poa. Na lazima kuwe na namba ya kawaida ya kupiga, kwa sababu kuna mtu hana simu janja wala bando na maji yanayojadiliwa ni yake pia.

Kuhusu kuzima maiki za watu nina msimamo mkali kidogo. Mwenyekiti anaruhusiwa kumzima anayevuruga, sawa, hata ukumbini mtu wa fujo anatolewa, ila ukumbini kila mtu anaona ametolewa nani na kwa nini. Kwenye mtandao mwananchi anapotea tu kimya kimya. Kwa hiyo kila anayezimwa au kutolewa atajwe hapo hapo na sababu iingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Tena nawaambia makatibu wote: usipime linki kwa akaunti ya mwendeshaji. Upande wako kila kitu kitaonekana safi huku wananchi wanaangalia skrini iliyoganda. Chukua simu ya pili, weka data yake yenyewe sio waifai ya ofisi, ingia kwa ile ile linki iliyoko kwenye tangazo, iache mezani na sauti kwenye hedifoni mpaka kikao kifungwe, na ikikwama mwambie mwenyekiti asimamishe hata kama mtu yuko katikati ya sentensi.