Kwa nini mfumo wa malipo nauandika kwa OCaml

Watu wengi wakisikia lugha za programu za kifunksheni, yaani zinazojenga programu kwa funksheni kama za hisabati, akili zao zinakwenda kwenye hisabati na vyuo vikuu. Mimi nazipenda kwa sababu ya kikazi kabisa. Programu ya wateja hurekebishwa miaka na miaka, mara nyingi na mtu ambaye hakuwepo ilipoanzishwa. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Chukua malipo ya simu. Muamala unasubiri, umekamilika au umekataliwa. Mifumo mingi huhifadhi hali hiyo kama maandishi tu, na pembeni huweka namba ya risiti na sababu ya kukataliwa, zote zikiruhusiwa kuwa tupu. Basi hakuna kinachozuia muamala uliokataliwa kuwa na risiti! Kwenye OCaml, mojawapo ya lugha hizo, iliyolelewa Inria, taasisi ya utafiti wa kompyuta ya Ufaransa, naandika hivi, kila hali ikiwa tawi lake:

    type muamala =
      | Unasubiri
      | Umekamilika of risiti
      | Umekataliwa of sababu

Risiti imo ndani ya Umekamilika peke yake, kwa hiyo ule mkanganyiko hauandikiki. Yaron Minsky wa Jane Street, kampuni ya masoko ya fedha inayoendesha shughuli zake kwa OCaml, amelisisitiza sana wazo hili, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko mengine yote.

Utaona faida yake siku wakubwa watakapotaka wateja warudishiwe pesa. Naongeza tawi la nne, Umerudishwa, najenga programu upya, na kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, inanionya kwa kutaja faili na mstari wa kila match (sehemu inayoamua la kufanya kwa kila tawi) iliyolisahau, kuanzia ripoti ya jioni hadi SMS ya mteja. Hata aliyeajiriwa juzi anaweza kuzifuata moja moja mpaka ziishe.

Ila ukifunga match kwa alama ya _, yaani "mengineyo yote", umeinyamazisha kompaila, na tawi jipya litapita humo bila mtu kujua. Kwa aina za data tulizotunga wenyewe, kama muamala, kwetu alama hiyo haipiti tunapokaguliana msimbo. Onyo lenyewe la kompaila pia tumeligeuza kuwa kosa, programu isijengeke hadi kila tawi lipate jibu.

Majaribio bado tunaandika, maana kompaila haijui kama makato yamekokotolewa sawasawa.

Na kama kuhama lugha hakuwezekani, sealed class za lugha ya Kotlin na enum za lugha ya Rust, ambazo nazo huorodhesha matawi, zina ukaguzi huohuo wa kompaila. Anza na moduli, yaani sehemu ya programu, inayoshika pesa.