Stesheni tatu, zote namba moja: wasikilizaji wa redio huhesabiwaje?

Washa redio asubuhi ukiwa Mombasa, zungusha masafa ya FM polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na hutakosa stesheni mbili tatu zinazojitapa kuwa namba moja Pwani. Wengi wetu hudhani mmoja anasema kweli na wengine wanatia chumvi. Kumbe yawezekana wote wanasema kweli, na kila mmoja ana karatasi mkononi za kuthibitisha.

Shida inaanzia kwenye mnara. Mnara wa redio hutoa mawimbi tu, haurudishiwi chochote. Hauwezi kujua kama mawimbi yake yameingia kwenye redio za Kisauni au yamepita juu ya mapaa yakaishia baharini. Mwenye gazeti huhesabu nakala zilizouzwa na zilizorudi. Mwenye redio hana cha kuhesabu.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi ambao mimi huupenda sana. Ndani ya redio nyingi za FM mna sakiti inayotengeneza mawimbi yake yenyewe, kwa kawaida megahezi 10.7 juu ya stesheni unayoisikiliza, na kiasi kidogo cha mawimbi hayo huvuja nje. Redio iliyofunguliwa kwenye 95.0 huvujisha 105.7. Ukitega kifaa chenye hisi kali kando ya barabara, unaweza kujua magari yanayopita yamefungulia nini, na Marekani kuliwahi kuwa na kampuni iliyofanya biashara hiyo. Hebu fikiria kifaa hicho kimetegwa darajani Nyali saa moja unusu asubuhi. Matatu yenye abiria 14 itahesabiwa sawa na gari lenye mtu mmoja. Halafu hao abiria ni akina nani? Wana umri gani? Kuna hata mmoja aliyeichagua stesheni hiyo, au ni dereva peke yake? Kifaa hakijui, na mwenye tangazo la biashara hayo ndiyo anayotaka kujua kabla hajatoa pesa.

Basi hakuna budi kuwauliza watu. Njia iliyozoeleka zaidi hapa kwetu ni kumuuliza mtu kuhusu jana yake. Mtafiti, awe mlangoni au kwenye simu, hasemi “unapenda stesheni gani?”, kwa sababu swali hilo huleta majibu ya heshima: mtu atataja stesheni ya taarifa za habari hali mchana kutwa alikuwa kwenye muziki. Huanza hivi: jana uliamka saa ngapi? Ulipokuwa ukijitayarisha, palikuwa na redio inayolia? Uliposafiri? Ulipofika kazini? Anakwenda naye hivyo hivyo, robo saa baada ya robo saa, mpaka mtu anapolala. Mama anayekaanga mahamri tangu alfajiri anaweza kukumbuka vizuri kipindi cha dini, kwa kuwa hukiwashia redio yake kila siku, na asikumbuke kabisa redio ya kinyozi wa jirani iliyomwimbia saa tatu nzima. Kampuni nyingine huuliza kwa ujumbe mfupi wa simu. GeoPoll, kwa mfano, hutuma maswali kwa SMS na anayejibu hupewa kredi kidogo.

Anaulizwa nani, na wangapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, na hakuna atakayewauliza wote. Anayenunua nafaka huchoma gunia kwa bambo pande tatu nne, akatazama punje zilizotoka, akajua gunia zima likoje. Utafiti hufanya vivyo hivyo kwa watu. Ukiwachagua 1,000 kwa bahati nasibu, matokeo yako yatakuwa ndani ya takriban asilimia 3 ya ukweli, juu au chini, mara 95 kati ya 100. Na la kushangaza ni kwamba ukubwa wa mji haubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha maana: watu 1,000 wanatosha Mombasa kama wanavyotosha Kenya nzima.

Sharti ni hiyo bahati nasibu, na hapo ndipo kazi ilipo. Ukibisha hodi Majengo saa nne asubuhi utawakuta kina mama, wazee na wasio na kazi. Wabeba mizigo wako bandarini, wa tuktuk wako barabarani. Ukimhoji yeyote anayefungua mlango, utaandika kwamba mji mzima husikiliza kipindi cha mapishi. Ndiyo maana mtafiti makini huorodhesha watu wazima wote wa nyumba ile, kisha jedwali lililotayarishwa mapema humwambia amhoji nani. Jedwali maarufu lilibuniwa na mtaalamu wa takwimu Leslie Kish mnamo 1949. Likimwangukia kijana aliye kazini, mtafiti hana budi kurudi jioni. Simu nayo ina kasoro yake: asiye na simu, au asiyepokea namba ngeni, hayumo.

Kwa kuwa kinachopimwa ni kumbukumbu, stesheni hujipanga kwa ajili ya kumbukumbu. Umewahi kujiuliza kwa nini mtangazaji hataji saa bila kutaja jina la stesheni na masafa yake, kana kwamba umeshasahau ulichosikia dakika mbili zilizopita? Anajua kesho utaulizwa. Usipoweza kulitaja jina, hukumsikiliza, hata kama hukuzima redio tangu asubuhi. Zawadi nazo, zile za “piga simu sasa hivi ushinde”, zina tabia ya kuongezeka majira ya utafiti.

Marekani wamekuwa na daftari ambalo msikilizaji hulijaza mwenyewe kwa wiki nzima. Kanuni yao ni kwamba ukisikiliza dakika 5 ndani ya robo saa moja, unaandikiwa robo saa nzima. Sasa piga hesabu: ukifungulia saa nne na dakika 10 na kuzima saa nne na dakika 20, umetoa dakika 5 kwa robo ya kwanza na dakika 5 kwa robo ya pili. Umesikiliza dakika 10, umeandikiwa 30. Wapangaji wa vipindi waliling’amua hilo zamani, wakawa hawaweki matangazo ya biashara karibu na mpaka wa robo saa. Wanataka uuvuke mpaka huo wimbo mtamu ukiwa hewani.

Tuzirudie zile stesheni zetu. Tuseme stesheni ya kwanza ina wasikilizaji 100 kwa siku, kila mmoja akiisikiliza saa moja. Ya pili ina 40 tu, lakini hao hukaa nayo saa nne kila mmoja. Ukihesabu vichwa, ya kwanza imeshinda. Ukihesabu muda wote uliosikilizwa, ya pili ina saa 160 dhidi ya 100. Ya tatu inaweza kuwa mbele miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, usiku tu. Kila moja itachapisha bango lake, na maelezo ya namna ilivyoshinda yatakuwa chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi.

Na hata ushindi wenyewe huenda usiwepo. Utafiti wa taifa zima ukiwa na watu 200 tu kutoka Mombasa, stesheni iliyopata asilimia 18 na iliyopata 15 hazitofautiani kwa uhakika wowote, kwa sababu kila moja ina nafasi ya kukosea ya takriban pointi 5. Mimi bango la tofauti ya pointi 3 huwa silisomi.

Waliochoka na kumbukumbu za watu walitafuta mashine. Uswisi ilianza mwaka 2001 kutumia saa ya mkononi inayonasa sekunde chache za sauti zilizo karibu na mvaaji, kisha sauti hizo zikalinganishwa na zilizorushwa na stesheni. Kampuni ya Arbitron ya Marekani ilitengeneza kifaa cha kubeba mwilini kinachotambua alama zilizofichwa ndani ya sauti ya redio, ambazo sikio halizisikii, nacho kikaanza kutegemewa Houston na Philadelphia mwaka 2007. Watu walionekana kukutana na stesheni nyingi kuliko walizokuwa wakizitaja, kila moja kwa muda mfupi. Lakini kifaa nacho hakijui nia. Mvalishe mtu kifaa hicho apite Mwembe Tayari, kwenye spika ya duka la viatu, redio ya muuza juisi na matatu tatu zilizosimama, na kila sauti aliyokaa karibu nayo vya kutosha itaandikwa kuwa usikilizaji wake.

Watangazaji wengi, ukiwauliza faraghani, bado hupima kwa simu zinazoingia studioni. Ni kipimo kibovu. Wanaopiga kutuma salamu ni kikundi kidogo cha watu wanaofahamiana, wenye majina yao ya kujipachika, na wengi wao hupiga stesheni tatu kwa siku. Msikilizaji wa kawaida hapigi kamwe.

Wanaosikiliza kwa intaneti ndio pekee ambao stesheni inaweza kuwahesabu moja kwa moja, kwa kuwa kila simu huomba sauti kutoka kwenye seva. Hata hapo, seva huona simu iliyounganishwa, haioni kama mwenyewe amesinzia. Na yule jamaa wa Muscat anayefuatilia kipindi cha taarabu cha nyumbani anaonekana wazi kwenye hesabu, ila mwenye duka la simenti Changamwe hatamlipia hata senti.