Subdomeni ikigoma kwenye kompyuta yako, anza na jina

mradi.test inafunguka, duka.mradi.test inagoma. Kila anayejenga mtandao wa tovuti za WordPress kwenye kompyuta yake hulikuta hili, na wengi nimewaona wakihangaika na wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, saa nzima ilhali ombi lao halijafika hata kwenye seva.

Kabla ya kugusa faili lolote, soma kosa lenyewe. Kivinjari kikisema hakioni anwani hiyo, shida ni jina. Ikitokea tovuti nyingine, au ukurasa wa mwanzo wa Apache, jina limefika lakini seva haikujua ilipeleke wapi. Ukitupwa kwenye wp-signup.php, umeshaingia ndani ya WordPress, na ni yenyewe isiyoitambua tovuti hiyo.

Mitego mingi iko kwenye jina. Faili la hosts, orodha ya majina na anwani iliyo kwenye kompyuta yako, halielewi kinyota. Mstari wa 127.0.0.1 *.mradi.test haufanyi kazi, kila subdomeni lazima iandikwe kwa jina lake. Kwa tovuti tatu hilo linavumilika. Zikizidi, mimi huweka dnsmasq, programu ndogo ya kujibu maswali ya majina: mstari mmoja tu, address=/test/127.0.0.1, hujibu kila jina linaloishia na .test. Kwenye Mac ongeza faili /etc/resolver/test lenye maneno nameserver 127.0.0.1. Kisha pima kwa ping. Usipime kwa dig, amri ya kuuliza seva za majina moja kwa moja, maana dig haisomi hosts, nayo itakuambia jina halipo wakati lipo.

Mwisho wa jina nao una uzito. .test ilitengwa kwa majaribio tangu 1999 na haiuzwi kwa mtu yeyote, ndiyo maana naishikilia. .dev ni ya Google, na tangu Chrome 63, Desemba 2017, kivinjari hicho huilazimisha kutumia HTTPS. .local hutumiwa na mDNS, mfumo wa vifaa kutafutana kwa majina ndani ya mtandao mmoja, na huenda ukasubiri sekunde kadhaa kila ukurasa unapofunguka.

Upande wa seva ni mfupi: ServerAlias *.mradi.test kwenye Apache, au server_name yenye kinyota kwenye nginx, halafu uiwashe upya.

Ndani ya WordPress, kwenye wp-config.php, hakikisha SUBDOMAIN_INSTALL ni true na DOMAIN_CURRENT_SITE ina jina la hapa, si la tovuti iliyo hewani. Ukiwa umenakili hifadhidata kutoka huko, majedwali ya wp_blogs na wp_site bado yanabeba majina ya zamani. Yabadilishe kwa wp search-replace, amri ya WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa amri), ukiweka --network, pamoja na --url yenye jina la zamani, kwa sababu hilo ndilo hifadhidata inalolijua bado. Usibadilishe kwa SQL tupu kwenye majedwali ya mipangilio: data iliyofungashwa (serialized) huhesabu urefu wa maneno, na hesabu ikipishana mipangilio haisomeki tena. Ukizungushwa kwenye ukurasa wa kuingia, futa kuki za domeni hiyo kwanza.

Ukitaka HTTPS, mkcert, zana ya kutengeneza vyeti vya kompyuta yako, inatosha. Cheti cha *.mradi.test hakifuniki mradi.test yenyewe, wala a.b.mradi.test, basi yataje majina yote unayoyahitaji katika amri moja.