Kwa nini ngazi huua fundi akiwa bado chini?

Tukisikia fundi rangi kafa kwa umeme, wengi tunadhani alikuwa juu ya ngazi akashika waya. Mara nyingi sivyo. Alikuwa bado chini, anaisimamisha ngazi au anaihamisha bila kuilaza.

Tazama inavyosimamishwa. Saidia fundi anakanyaga miguu ya ngazi, fundi anainua ncha ya pili na kusogea hatua kwa hatua huku akiisukuma juu. Macho yao wote wawili yako ukutani. Ngazi ya mita 6 ikiinama nyuzi 10 tu, ncha ya juu imeshahama mita nzima. Kama nguzo ziko pembeni, mita hiyo moja inatosha.

Laini za umeme mkubwa zinazopita mitaani Tanzania hubeba volti 11,000 au 33,000, na kwa kawaida nyaya zake ni tupu. Hazina gamba la plastiki kama waya wa pasi. Kinachozuia umeme ni vikombe vinavyoshikilia nyaya kwenye nguzo na hewa iliyozizunguka. Ngazi ya alumini ikifika hapo, umeme unashuka nayo hadi viganjani, unapita kifuani, unatokea miguuni kwenda ardhini. Mkondo wa miliampia 100 hivi ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo usidunde tena sawasawa. Vidole navyo hujikunja, ngazi haiachiliki. Anayekimbia kumvuta mwenzake kwa mikono anapigwa naye, na hili ndilo linaloniuma zaidi, maana anakufa kwa huruma yake.

Zile raba za miguuni ni za kuzuia ngazi isiteleze, si kinga ya umeme. Ngazi ya mbao kavu ina nafuu, ila ikilowa mvua nafuu hiyo hupotea.

Na cheche zikizima, usimsogelee aliyeanguka. Laini nyingi zina mitambo inayorudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache. Zuia watu, pigia shirika la umeme, subiri wathibitishe wamezima.

Fundi, kabla hujaishusha ngazi kwenye guta, inua macho kwanza utafute nyaya. Kisha ibebeni wawili, ikiwa imelala, na kila inapoinuliwa ibaki angalau mita 3 kutoka kwenye laini. Mahali pasipo na nafasi hiyo, kazi isianze mpaka laini izimwe.